Tuliambiwa mashua zote ni sawa. Yangu ilikuwa na jerikeni moja na nusu ya maji tumboni

Wakuu, nimekaa na jambo hili tangu Jumapili usiku nikijiambia litapoa. Halijapoa. Uzi ni mrefu, mwenye chai alete chai.

Kwa wasionijua, mimi ni mtoto wa Mombasa. Entebbe niliingia kwa kazi ya kufunga na kutengeneza majokofu ya samaki, nikaoa hapahapa, na leo nina watoto nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiganda. Tanga la mashua nimelijua kabla ya baiskeli. Kwa hiyo asije mtu kuniambia sijui kushika usukani, tafadhali. Nikishindwa kihalali nashindwa, nanunua soda, naenda nyumbani.

Wikiendi iliyopita nimeshiriki ubingwa wa klasi ya Laser huku ziwani. Jina la klabu silitaji, wenyewe wanajijua na wanasoma humu.

Kwa asiyeujua mchezo: Laser, ambayo tangu 2019 jina lake rasmi ni ILCA, ni kimashua cha mtu mmoja. Mita 4.23, tanga moja, mlingoti, usukani na ubao wa kushusha katikati, basi. Mkanada Bruce Kirby aliichora, ikaingia sokoni 1971, na mpaka sasa zimeundwa zaidi ya 200,000. Olimpiki iliingia 1996 kule Atlanta. Kilichoifikisha huko si mbio, maana zipo mashua zinazoiacha mbali. Ni kwamba zote ni moja. Kalibu ile ile, tanga lile lile, na kanuni za klasi hazikuruhusu hata kutoboa tundu la skrubu mahali ambapo hapakutajwa. Mwenye pesa na fundi wa majokofu wanakalia kitu kimoja, halafu upepo unaamua nani anajua na nani anajisifu tu.

Hicho ndicho nilicholipia. Shilingi 300,000, kiingilio pamoja na kukodi mashua ya klabu siku mbili.

Lamu nimeona mashindano ya mashua tangu mdogo. Kule kila nahodha na chombo chake, kila mtaa na fundi wake. Chombo kikivuja unafua maji ngamani, kule chini kabisa yanakokusanyika, huku unamtukana aliyekikalafati, na ukiachwa nyuma huna wa kumshitaki, kwa sababu hakuna aliyekuahidi usawa. Huku nimeahidiwa. Imeandikwa kwenye tangazo lao, kwa herufi kubwa: mashua sawa kwa wote.

Sasa sikilizeni.

Kura ya kugawa mashua ilipangwa Ijumaa saa mbili usiku. Nimetoka kazini Kampala, foleni mnaijua, nimefika saa mbili na dakika tano. Nakuta kura imeshapigwa, watu wanakula nyama. Wewe namba tisa. Nani kanichotea? "Tumekuchotea, usijali." Mashua mbili mpya za klabu, zile nyeupe zinazong'aa, zote mbili zimeangukia watu waliokuwa wamekaa meza ile ile ya waliopiga kura. Labda ni bahati. Mimi si mtu wa kudhani vibaya, naandika tu nilichokiona.

Jumamosi asubuhi ziwa lilikuwa kama mafuta. Upepo wa nchi kavu ulikufa mapema, tukakaa tukisubiri wa ziwani. Saa saba na nusu ukaja kutoka kusini kama kawaida yake, mashua kumi na moja tukatoka. Mbio ya kwanza nikawa wa sita. Nikasema sawa, nina kutu. Ya pili wa nane. Ya tatu wa kumi, kati ya kumi na moja, na wa kumi na moja alikuwa amepinduka mara mbili!

Anayejua tanga ataelewa ninachosema hapa. Wakati wa kubisha, yaani kupanda kinyume cha upepo kwenda boya la juu, mashua haikuwa inaitika. Navuta demani, ile kamba ya tanga, naegemea nje mpaka mapaja yanawaka, badala ya kuchomoka inafikiria kwanza. Mawimbi ya Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, ni mafupi na yamesimama, si kama ya baharini. Kila wimbi likija nasikia kitu kinatembea chini yangu, kutoka tezi, nyuma, kwenda omo, mbele, halafu omo inazama. Nikigeuza, kinarudi. Kama nimepakia abiria asiyetulia.

Tumerudi pwani saa kumi na mbili kasoro. Mashua hii huvutwa na watu wawili kwenye kitoroli bila shida, maana kiwandani inatoka na kilo kama 59. Namba tisa tulikuwa wanne na ikatutoa jasho. Nikaenda tezini, nikafungua kizibo. Maji yakatoka kama mkojo wa ng'ombe, na hayakukoma. Yalikuwa vuguvugu, rangi ya chai, yananuka kama ndoo iliyosahauliwa nyuma ya nyumba. Nikachukua jerikeni ya njano ya lita 20 nikaikinga. Ikajaa. Nikaimwaga, nikakinga tena, ikafika nusu. Lita 30, yaani kilo 30. Mwanangu wa darasa la tatu hazifikii.

Na ile harufu, wakuu. Maji ya siku moja hayanuki hivyo. Sehemu ya maji yale ilikuwa mle ndani kabla sijaiona mashua.

Mashua ya mbao ikivuja unaona. Ngama iko wazi, unachukua kopo unafua. Laser imefungwa juu na chini, maji yakiingia huyaoni, unajiona wewe ndiye mzembe. Nikafanya jaribio ambalo kila mtu wa klasi hii analijua: nikajaza maji kwenye tundu la mlingoti mpaka ukingoni, nikaenda kuchukua chai. Narudi na kikombe, tundu tupu. Lina ufa chini, maji yanaingia tumboni moja kwa moja kila wimbi linapopanda juu.

Kijana mmoja anayetunza mashua pale alikuwa ananitazama. Nikamwuliza, mdogo wangu, hii mnaijua? Akacheka kidogo, akatazama upande wa baa kwanza.

"Mzee, hiyo tunaitaga Kiboko. Iko nakunywa."

Kiboko. Ina jina! Wamekaa wakaipa jina, na wakaendelea kuikodisha.

Akaniambia na mengine. Mara ya mwisho aliyepewa Kiboko ni msichana mmoja mtoto wa mvuvi, mmoja wa wale waliofundishwa kwenye Optimist tangu wadogo. Optimist ni kile kisanduku cha mita 2.3, watoto wanakiacha wakifika miaka 15. Huyu alipofikia kiasi hicho akapewa Laser, akapewa hii. Akawa wa mwisho siku nzima. Wakamwambia ajifunze kuegemea vizuri. Hajarudi. Nilikuwa na hasira ya kawaida mpaka hapo. Baada ya hapo nilishindwa kumaliza chai.

Nikaandika ombi la kufidiwa pointi, ndani ya muda, kwa kalamu, nakala mbili. Sheria za kimataifa za mbio ziko wazi: matokeo yako yakiharibika kwa kiasi kikubwa, bila kosa lako, kwa sababu waandaaji au wakaguzi wamefanya lisilofaa au wameacha kufanya linalopasa, una haki ya kuomba. Kikao kilikaa kwenye meza ya plastiki karibu na spika ya muziki. Hakikufika dakika kumi. Hawakutaka kuiona jerikeni. Mwenyekiti akanisomea maelekezo ya mashindano: hitilafu ya chombo cha kukodi si sababu ya kuomba fidia. Akafunga faili.

Kifungu hicho nakijua, na si cha kwao peke yao. Mashindano mengi yenye mashua za waandaaji wanacho, na kina maana, la sivyo kila aliyeachwa nyuma angelaumu kamba. Lakini wenzetu hawakiweki peke yake. Wanakagua mashua kabla, wanakupa karatasi ya kuandika ulichokiona, na mara nyingi mnabadilishana, mbio hii uko na namba tatu, inayofuata namba saba, ili kibovu kimguse kila mtu. Olimpiki kwenyewe mashua za ILCA zinatoka kwa waandaaji, lakini ni mpya, na kila mmoja amepewa kama mwenzake. Hawa wamechukua kifungu kinachowalinda wao, kile kinachotulinda sisi wamekiacha stoo.

Nikasema, basi tuzipime uzito zote kumi na moja, usiku huu, muone. Jibu la kwanza: klasi hii haihitaji mizani, uzito unadhaminiwa na kiwanda. Jamani, kiwanda kilidhamini mashua siku inatoka. Hakikudhamini miaka ishirini na ushee ya jua la Entebbe. Jibu la pili: mashua ziliharibika ziwa lilipofurika. Kweli, Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, kikapita rekodi ya 1964 kwa sentimita moja, na vibanda vya pwani nzima vililowa. Mimi mwenyewe nilibeba majokofu ya watu kichwani. Lakini ni mwaka gani sasa? Ufa wa tundu la mlingoti unazibwa na resini na kitambaa cha faiba, kazi ya mchana mmoja kwa fundi mwenye akili timamu. Jibu la tatu, nalo ndilo lililonichoma: "Tena mizani yenyewe hatuna."

Jumapili sikuomba mtu. Nikafika alfajiri, nikakausha lile tundu, nikapaka gundi ya dharura, na kabla ya kila mbio nikafungua kizibo nikamwaga. Upepo ulikuwa ule ule wa kusini, wapinzani wale wale, mikono ile ile. Mbio ya nne, wa tatu. Mbio ya tano, wa nne.

Hesabu ni nyepesi: nafasi yako ndiyo pointi zako, mwenye chache anashinda, na mbio moja mbaya inatupwa. Sita, nane, tatu, nne, ile kumi imetupwa: 21. Aliyechukua nafasi ya tatu ana 18. Sisemi ningekuwa bingwa. Bingwa ni dogo anayeusoma upepo kama anasoma meseji, nimempa mkono wangu kwa moyo mweupe, na yeye mwenyewe kaniambia, "Ssebo, namba tisa hata mimi ningekataa." Nasema pointi tatu zile nimezipoteza Jumamosi nikibeba maji ya klabu kuzunguka maboya.

Habari ya boti ya uokoaji iliyoondoka kwenda kuchukua wageni wakati watoto wa Optimist wako majini, hiyo nitaifungulia uzi wake. Ziwa hili mwaka 2018 lilichukua watu zaidi ya 30 siku moja, pale MV Templar ilipozama, na sisi bado tunacheza na boti ya uokoaji kama bodaboda ya klabu.

NYONGEZA, saa nne usiku:

Nimesoma majibu. Aliyeandika "mchezo wa matajiri, unalia nini": mkuu, 300,000 yangu imetoka kwenye kompresa za watu, usiniite tajiri mbele ya mke wangu. Aliyeuliza kwa nini sikuikagua Ijumaa: ilikuwa usiku, mashua zimefungwa kibandani, na asubuhi tuliambiwa hakuna kugusa kizibo mpaka wakaguzi wapite. Wakaguzi hawakupita. Ndiyo, nilipaswa kukifungua kwa nguvu. Hilo nalikubali.

Na yule wa akaunti mpya, uliyejiunga leo, posti moja, unayenishauri "nipeleke malalamiko kwa utaratibu": sauti yako naijua, ulikuwa upande wa kushoto wa meza ya plastiki. Utaratibu nimeufuata, nakala yangu ya pili ninayo, ina tarehe na saa. Ninachotaka ni vitu viwili. Kiboko iondolewe majini mpaka izibwe, na yule binti aitwe, aombwe radhi, apewe mashua kavu siku moja aone anavyokwenda. Medali kaeni nayo.

Kuhusu mizani: leo jioni nimepita mwaloni kwa mama mmoja ninayemtengenezea friji, anauza sangara. Kaniazima ile yake ya kuning'iniza, inapima hadi kilo 100. Iko kwenye buti ya gari langu hivi sasa, na kamba mbili za kufungia. Nitajieni siku.