Chombo cha kutua Europa: kipima tetemeko kibebwe au kiachwe?

Mleta mada:
Wakuu, wapo wanaoshikilia kwamba chombo kitakachotua kwenye miezi ya barafu ya Mshtarii au Zohali kibebe vifaa vya kusaka uhai tu, kipima tetemeko kingoje safari nyingine. Mimi napinga.

Kwamba Europa, mmoja wa miezi ya Mshtarii, ina bahari chini ya barafu, karibu wote tunakubaliana. Ugomvi uko kwenye unene wa barafu hiyo: wengine wanasema kilomita chache, wengine 20 na zaidi. Si ugomvi mdogo. Unene ndio unaoamua kama vitu vya juu vinaweza kufika baharini, na kama kutoboa ni ndoto au kazi. Europa Clipper, chombo cha NASA kilichoondoka Oktoba 2024, itapita jirani na mwezi huo mara 49 ikiwa na rada ya kupenya barafu, ila haitatua, na rada hufifia barafu ikiwa na joto au chumvi. Mtikisiko una njia yake. Barafu ikipasuka, wimbi linashuka, linagonga maji, linarudi; ukijua kasi na muda, umepata kina. Tena yale mawimbi yanayotikisa kwa upande hayapiti majini kabisa.

Baruti za kuanzisha mtikisiko hatuhitaji. Europa inauzunguka Mshtarii kwa saa 85 hivi, na mvuto wa sayari unaibana na kuilegeza kila mzunguko. Kule kinachojaa na kupwa ni barafu yenyewe.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, mbona vyombo vya Viking vilivyotua Mirihi huvitaji? Mwaka 1976 kipima tetemeko cha Viking 1 kiligoma kufunguka, na cha Viking 2, kwa kuwa kilifungwa juu ya chombo, kikaishia kurekodi upepo. InSight nayo ilitua Mirihi Novemba 2018, tetemeko la kwanza ikalinasa Aprili 2019. Chombo cha Europa ambacho NASA ilikichora kingeishi kwa betri, siku 20 hivi. Utasikia nini? Kila kilo ya kwenda huko inagombaniwa. Mimi naipa kemia.

Mleta mada:
Upepo? Europa haina hewa ya kuvuma. Na hizo siku 20 zigawe kwa saa 85: mizunguko mitano na ushee. Mirihi haibanwi hivyo, ndiyo maana InSight ilingoja. Mwezi wetu unabanwa, na matetemeko yake ya kina yaliyonaswa na vifaa vya Apollo yalijirudia kwa mzunguko wa siku 27 hivi, yakifuata mvuto wa Dunia. Kama hofu ni kwamba kifaa kimoja hakitoshi, InSight ilikadiria ukubwa wa kiini cha Mirihi ikiwa na kituo kimoja tu.

Kinachonisumbua mimi ni kelele za chombo chenyewe: vyuma vinavyojikunja kwenye baridi ya nyuzi -160, mkono unaochimba sampuli. Kifaa kikibaki mgongoni mwa chombo kitasikiliza hayo. Kukishusha kwenye barafu kunahitaji mtambo, na mtambo una uzito. Hapo hoja yako ya kilo ina meno.

Mchangiaji wa pili:
Mnabishana juu ya Europa wakati Titan, mwezi wa Zohali, imeshapata jibu. Dragonfly, helikopta ya NASA inayopangwa kuondoka 2028 na kufika 2034, inakwenda kusaka kemia ya uhai na bado imekitengea nafasi kipima tetemeko, tena cha kuteremshwa hadi chini.

Mchangiaji wa kwanza:
Titan ina hewa nzito. Dragonfly itaruka na kukaa miaka. Nipe umri huo Europa, katikati ya mnururisho wa Mshtarii, na mimi nitakipakia hicho kifaa.