Baba alitoweka 2011 lakini kwa karatasi ndiye ananilipia karo. Nimechoka na hizi bendi za ufadhili wa chuo!

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nina miaka 20, niko mwaka wa pili katika chuo kikuu cha umma hapa Nairobi. Jana nimenyimwa kadi ya mtihani kwa sababu ya deni la shilingi 41,000. Mtihani unaanza Jumatatu. Deni lenyewe kwenye akaunti yangu limeandikwa "mchango wa familia". Familia ni mama peke yake. Mama anauza mboga Eastlands. Saa kumi alfajiri yuko soko la Marikiti, na siku ikiwa nzuri sana, akishatoa nauli na hela ya mkokoteni, anabaki na shilingi 400. Nyuma yangu kuna wadogo wawili, mmoja yuko sekondari.

Kwa wasiojua hesabu hii: tangu 2023 serikali haifadhili wanafunzi wote sawasawa. Unajaza fomu ya kupima uwezo, unawekwa kwenye bendi, kuanzia 1 hadi 5. Bendi ya 1 unapewa ufadhili wa asilimia 70, mkopo 25, na nyumbani wanatoa 5. Mimi nilitupwa bendi ya 4: ufadhili 40, mkopo 30, nyumbani 30. Kozi yangu ni 200,000 kwa mwaka, kwa hiyo mama anadaiwa 60,000. Tumeshikana tukalipa 19,000. Ningekuwa bendi ya 1 ningedaiwa 10,000 tu, na hizo 19,000 zingemaliza deni na chenji ibaki! Hata pesa ya kujikimu inafuata bendi: wa bendi ya 1 anapata 60,000 kwa mwaka, mimi 45,000. Kabla ya huu mfumo, mwanafunzi aliyepangiwa na serikali alilipa karo ya 16,000 kwa mwaka, ukiacha zile ada ndogondogo. Mama angeiweza hiyo. Angelala njaa lakini angeiweza.

Nilifikaje bendi ya 4? Fomu inauliza habari za baba. Amekufa? Weka cheti cha kifo. Yuko hai? Weka kitambulisho chake na kazi yake. Baba yangu alikuwa dereva wa matatu, akaondoka 2011 akisema ameitwa kazi Mombasa. Nilikuwa darasa la kwanza. Hajapiga simu, hajatuma hata shilingi kumi, namba yake ilikufa zamani. Kijana wa saiba, pale tunapojazia fomu za mtandaoni, aliniambia niweke namba ya kitambulisho cha baba, maana fomu haisongi bila hiyo, na mama alikuwa bado anatunza nakala. Basi nikaweka. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nilijaza nilichoulizwa. Kwa karatasi nikawa msichana mwenye wazazi wawili, tena aliyesoma shule ya kitaifa ya bweni. Shule nililipiwa na mfadhili tangu kidato cha kwanza hadi cha nne! Mama hakuwahi kulipa zaidi ya sabuni na nauli.

Nilikata rufaa. Hapa ndipo damu inapochemka. Ofisini nilikopeleka rufaa niliambiwa nilete barua ya chifu kwamba baba hayupo. Chifu akasema hawezi kuandika mtu amepotea kama polisi hawana ripoti. Polisi wakasema mtu mzima aliyeondoka kwa miguu yake hajapotea, hiyo ni mambo ya nyumbani. Nikarudi ofisini. Mhudumu wa dirishani, mama mmoja, akasema, "Kama hajafa basi ana wajibu." Nikamjibu, "Mama, huyo mtu sijui hata sura yake ya sasa." Akaita namba inayofuata. Siku tatu, nauli ya siku tatu, vipindi vya siku tatu, na nikatoka pale bila kitu.

Kuna mtu ameniambia nimshtaki baba. Ndiyo, mahakama inaweza kurefusha wajibu wa mzazi hata baada ya mtoto kutimiza miaka 18 akiwa bado anasoma. Lakini karatasi za kesi nitampelekea wapi?

Tena mtaniambia tafuta basari, yaani msaada wa karo. Nimetafuta. Ile ya eneo bunge nilizungusha fomu wiki mbili, muhuri wa chifu, muhuri wa kanisa, muhuri wa chuo, nikapata 5,000, na hundi ilifika chuoni mtihani wa muhula ule ukiwa umeisha. Ndiyo sehemu ya hizo 19,000. Chama cha mama, kile cha kuchangiana pesa, kilitoa 8,000, ilikuwa zamu yake na alitaka kununua mabati. Nyingine ni zangu, za kufulia watu nguo Jumamosi. Mwezi uliopita mama alichukua mkopo wa simu wa 6,000 bila kuniambia, nikaona ujumbe wa kudaiwa akiwa amelala. Siku thelathini, na riba juu.

Mkopo wa elimu wa serikali una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Nne! Sasa nauliza wale waliotengeneza huu mfumo: ile asilimia 30 ambayo mama hana, kwa nini msiniandikie MIMI kama mkopo kwa riba hiyohiyo? Sijaomba cha bure. Nitasoma, nitafanya kazi, mtakata mshahara wangu. Kwa nini mnamlazimisha mama mboga akakope kwenye simu ili mimi nifanye mtihani?

Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 kwamba mfumo huu ni wa kibaguzi na unakiuka Katiba. Nililia siku ile, nikadhani yameisha. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, tukarudi kwenye bendi zetu.

Naomba mnisaidie kwa jambo moja. Kuna aliyebadilishiwa bendi hapa akiwa na mzazi aliye hai lakini asiyejulikana alipo? Wakili mmoja mtaani ameniambia mama aandike hati ya kiapo, anataka 1,500. Kabla hatujatoa hiyo pesa, niambieni kama hati hiyo ilikubaliwa, mliambatanisha nini kingine, na jibu lilichukua muda gani. Na kama kuna aliyewahi kuruhusiwa kufanya mtihani kwa kuandika ahadi ya kulipa kidogokidogo, tafadhali aseme barua hiyo aliipeleka kwa nani chuoni. Leo ni Alhamisi.