Gilgamesh na Mkama Ndume: wanalinganishika?

MjukuuWaPujini: Assalamu alaykum. Nasoma visasili vya dunia chuoni hapa Unguja, na insha yangu inahusu Gilgamesh, mfalme wa Uruk, mji wa kale wa Sumeri (Iraq ya leo). Mwanzoni anawaonea watu wake mpaka miungu ikamuumba Enkidu akabiliane naye. Hapo nikamkumbuka Mkama Ndume wetu, mtawala wa zamani wa Pemba. Bibi yangu husimulia alivyowabebesha watu mawe ya ngome ya Pujini, na kile kisima chenye ukuta kati ili wake zake wawili wasionane. Naipenda mno hadithi hii. Niwalinganishe, au mwalimu atasema nachanganya historia na kisasili?

Mama Wawi: Linganisha, mwanangu. Gilgamesh naye yumo katika orodha ya wafalme wa Sumeri, na magofu ya Pujini ni ya karne ya 15. Wote wako baina ya historia na kisasili, na hapo ndipo insha yako ilipo.

Kaka wa Mkoani: Shika kuta. Utenzi wa Gilgamesh unaanza kwa kumwalika msomaji apande ukuta wa Uruk, na kibao cha 11 cha udongo ulimoandikwa kinamrudisha Gilgamesh pale pale: uzima wa milele kaukosa, ukuta kabaki nao, ndio fahari yake. Pujini watu wanakumbuka waliobeba mawe. Mie ningeandika hilo tu. Kisa cha gharika kilichomo humo kiache, kila mtu anakiandika.

MjukuuWaPujini: Ahsanteni sana. Nikenda Pemba nitamrekodi bibi.

Mama Wawi: Mwandike kwa Kipemba chake, usimsanifishe.