Nimetuma laptopu Unguja ipigwe Windows 7, imerudi haisomi USB wala michoro yangu haimo, halafu naambiwa ni kimeo!

Jamani mnisamehe, nnaandika nikiwa na hasira, lakini nisipoyatoa haya nitapasuka.

Mie kazi yangu darizi. Nipo Chake, Pemba, nina mashine ya kudarizi ya kompyuta, natia shingo na vifua vya kanzu, mabuibui, mashuka ya maharusi. Michoro naitengeneza kwa programu ya zamani niliyouziwa pamoja na mashine, na programu yenyewe haifunguki bila kidude chake cha leseni kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Draiva ya kidude hicho, yaani programu inayoifanya kompyuta ikitambue, imeishia Windows 7. Kompyuta yangu ya mezani iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo, nikanunua laptopu ya mtumba, prosesa yake Intel ya kizazi cha nane, safi, ina Windows 10 na kila kitu kinafanya kazi. Michoro ya miaka sita nikaitia humo, kwenye D, ile sehemu ya pili ya diski. Kidude kikagoma.

Ndipo nikaelekezwa kwa fundi mmoja mjini Unguja. Jina simtaji, dukani kwake anajijua. Kabla sijapeleka mzigo botini Mkoani nikampigia simu nikamsomea modeli ya laptopu, nikamwambia Windows 7 naitaka kwa sababu ya kidude cha USB, na D asiiguse. Akanijibu, "Dada, Windows 7 mbona napiga kila siku. Elfu thelathini, kesho kutwa unayo."

Kesho kutwa yake ilikuwa siku ya tisa. Naifungua nyumbani, skrubu mbili za chini hazipo. Naiwasha, maandishi makubwa kama ya bango la barabarani, picha imevutwa pembeni. Kidole nnakipitisha kwenye padi, mshale hautembei. Waifai hamna. Sauti hamna. Nachomeka mausi, taa yake haiwaki. Nachomeka kidude cha leseni, ambacho ndicho kilichoipandisha laptopu hiyo boti, nacho kimya. Matundu yote matatu ya USB yamekufa! Kwenye kompyuta umebaki mlango mmoja tu, C. D haipo.

Nampigia, ananambia, "Dada, hiyo laptopu yako kimeo, matundu yameungua." Nikamuuliza, yameungua lini, botini?

Mpwa wangu yuko skuli bado, hajawahi kuitwa fundi na mtu. Alikuja jioni na flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine usio Windows, akaichomeka kwenye tundu lile lile "lililoungua", akaiwasha laptopu kwa flashi hiyo bila kugusa diski. Picha ikanyooka, padi ikatembea, waifai za jirani zikajipanga, akafungua taarabu spika zikaimba. Nikakaa chini. Kumbe laptopu haina hata homa.

Akanieleza, na nyie mafundi humu mnisahihishe kama kasema uongo. Windows 7 ilitoka 2009, wakati USB 3.0, toleo jipya la USB, haijaenea, kwa hiyo ndani yake haina draiva ya USB 3.0. Laptopu za kizazi cha nane matundu yote yanapita kwenye kidhibiti kipya cha USB 3.0, hata kama kwa nje tundu ni jeusi la kawaida. Ukiwasha, BIOS, ile programu ya kuwashia iliyomo kwenye laptopu yenyewe, inaiona flashi, lakini Windows 7 ikishika usukani inakuwa kipofu. Na draiva utaileta kwa nini? Kwa flashi, ambayo haisomeki! Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Fundi kaikwepa hiyo kwa kuchomoa diski na kuipigia Windows kwenye kompyuta nyingine ya zamani, ndiyo maana skrubu zimepotea, kisha akairudisha bila kujaribu hata mausi.

Picha nayo, Intel hawakutoa draiva ya Windows 7 kwa grafiki za kizazi hicho. Haya si mambo ya siri, yanaonekana kwenye ukurasa wa draiva wa modeli yenyewe, na modeli nilimsomea kwenye simu. Dakika tano tu! Yeye badala yake kamwaga furushi la draiva la kupakua ovyo, limeniletea antivirusi mbili nisizozijua na alama kumi na moja za njano, za vifaa visivyo na draiva, ziko pale pale.

Lakini hayo yote ningeyasamehe. D ndiyo inayoniuma. Diski ilikuwa imegawanywa kwa mpangilio mpya wa GPT, yeye akataka MBR, mpangilio wa zamani, ili Windows yake ya kizamani ikubali kuwaka, akaifuta nzima. Hakunipigia. Hakuniuliza. Najua mtasema mbona hukuweka nakala, haya, nimekosa, nishajipiga makofi mwenyewe. Nilichobakiwa nacho ni mafaili ya DST kwenye flashi ya mashine, na anayedarizi anajua DST ni mishono tu, si mchoro. Shingo ya kanzu ya mtoto ukiikuza iwe ya mtu mzima, nyuzi zinaachana, kitambaa kinaonekana katikati. Nina kanzu kumi na nne za harusi moja hapa, saizi tofauti, nazianza upya kwa mkono.

Pesa kakataa kurudisha, tangu juzi simu zangu hapokei. Windows 10 tumeirudisha wenyewe, imejitambua bila kuuliza ufunguo. Mpwa anasema kulikuwa na njia ya kuiacha 10 kama ilivyo, na kuiendesha Windows 7 ndani yake kama programu, kidude ukakipitisha humo. Tutajaribu, RAM ni GB 8. Kama kuna aliyefanya hivyo na kidude cha leseni kikakubali, anambie alikipitisha vipi.

Na mwenye laptopu ya kizazi cha tatu anayeiuza hapa Pemba, aniandikie. Kama ina Windows 7 iliyokwishatulia na draiva zake, tafadhali usiifomati, naijia kama ilivyo.