Worcester mmechukua timu ya Pawtucket, sasa mnataka na mechi ya 1981?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Juzi kwenye kundi letu la Waswahili wa huku New England, jamaa mmoja wa Worcester, mji wa Massachusetts, katamba eti "timu yetu ya besiboli ndiyo iliyocheza mechi ndefu kuliko zote." Timu yenu? Mwaka 1981 mlikuwa nayo wapi?

Kwa msiofuatilia besiboli: timu za ligi ndogo kazi yake ni kulea wachezaji wa timu kubwa. Pawtucket, mji wa viwanda vya nguo pale Rhode Island, ulikuwa na PawSox, walezi wa Boston Red Sox, tangu 1970. Kuanzia 1973 walicheza Triple-A, ngazi moja tu chini ya ligi kuu. Uwanja wao wa McCoy ulifunguliwa 1942 juu ya kinamasi, na meya aliyeujenga alichekwa sana.

Sasa hiyo mechi. Ilianza jioni ya 18 Aprili 1981, dhidi ya Rochester. Mechi ya kawaida ni raundi 9. Hii ilifika ya 32, saa 10:07 alfajiri, baridi ya kufa mtu, wachezaji wanachoma vigongo vilivyovunjika wapate kuota moto. Watazamaji 1,740 walikuwa wamebaki 19. Siku hiyo ilikuwa kuamkia Pasaka, na wao ndio waliokesha kweli! Mechi ikasimamishwa, ikaja kumaliziwa 23 Juni: raundi ya 33, dakika 18 tu, Pawtucket 3, Rochester 2. Wade Boggs yuko huku, Cal Ripken Jr. kule, bado hawajawa majina makubwa.

Na timu yenyewe ilishawahi kuchungulia kaburi. Ikafilisika, 1977 akainunua Ben Mondor, mzee aliyestaafu biashara ya nguo, akakaa nayo mpaka alipofariki 2010. Tiketi zikabaki za watu wa kawaida. Kibanda cha wachezaji kilikuwa chini ya viti vya watazamaji, kwa hiyo watoto walikata madumu ya maziwa, wakatia mpira na kalamu, wakateremsha kwa kamba. Mchezaji anatia saini, mtoto anavuta. Mwanangu kavua saini mbili pale, bado ziko kabatini.

2015 ikauzwa. Wenye timu wapya wakataka uwanja Providence, ikashindikana. Wakarudi kuomba uwanja Pawtucket, wanasiasa wakavutana kuhusu fedha za umma wee, mpaka Agosti 2018 tukatangaziwa kwamba timu inakwenda Worcester. Msimu wa 2020 ndio ungekuwa wa kuagana. Korona ikaufuta. Hata kwaheri hatukuaga!

Kinachoniuma zaidi ni hiki: Pawtucket hiyohiyo, iliyoambiwa fedha za besiboli ni shida, 2025 imefunguliwa uwanja mpya wa soka, na fedha za umma zimo. Mimi ni mtu wa soka tangu nazaliwa, lakini hapo nilikosa la kusema. Mwaka huohuo McCoy ukavunjwa.

Kwa hiyo wewe jamaa, historia yako inaanza 2021 pale Polar Park, uwanja wenu wa Worcester. Hiyo mechi iache na wale 19.

Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa NBA.