Tupeane uzoefu: wenye nyumba zenye pilikapilika hapa Dodoma, wiki yenu mnaipangaje?

MamaPacha_Ilazo
Wapendwa, habari za jioni. Nyumba yangu ina watu wanane: mimi na mume wangu, pacha wa darasa la pili, kaka yao wa kidato cha pili, mdogo anayeanza kutambaa, mama mkwe, na dada anayetusaidia. Kazini kwangu ni Mtumba, huko Mji wa Serikali. Mume ni dereva wa lori, leo yuko Manyoni kesho Kahama. Jumamosi asubuhi kuna jumuiya, Jumapili jioni kikoba, katikati kuna kliniki ya mtoto na masomo ya ziada ya huyu mkubwa, maana Novemba ana mtihani wa taifa.

Sitafuti ushauri wa kuamka mapema. Saa kumi na moja alfajiri nimeshaamka. Na zile ratiba za picha zinazozunguka kwenye magrupu, "saa 12:00 mazoezi, saa 12:30 kutafakari," naomba mnisamehe. Aliyezitunga hajawahi kutafuta soksi ya pili huku gari la shule linapiga honi getini.

Nataka kusikia ya kwenu ninyi wa hapahapa. Wiki yenu inaanzia wapi, nani anafanya nini, na kitu gani mmeamua kuacha kabisa. Hilo la mwisho ndilo ninalolitaka zaidi.

Simtanki_Mkonze
Mama Pacha, kwetu wiki inaanza siku maji yanapotoka. Basi. Jumatatu ni jina tu.

Mtaani kwetu maji ya bomba yanakuja kwa mgao, mara nyingi usiku. Siku hiyo ndiyo ya kufua vitu vikubwa, kudeki nyumba nzima na kujaza kila chombo chenye mdomo. Mengine yote tunayapanga kuizunguka siku hiyo, na mgao ukisogea kufua nako kunasogea, hakuna wa kununa. Zamani nilikuwa na Jumamosi ya kufua kama kila mtu, ikawa Jumamosi ya kununua maji kwa mwenye toroli.

Tuna tangi la lita 1,000 na tuko sita. Kila mtu akitumia ndoo mbili za lita 20 kwa siku, hiyo ni lita 240, kwa hiyo siku ya tano asubuhi bomba la tangi linakoroma. Hesabu hiyo nimeiandika kwa makapeni mlangoni mwa bafu. Watoto wamejifunza kuzidisha kwa kuangalia huo mlango. Maji ya kusuuzia nguo hayamwagwi, yanaenda chooni.

Halafu suala la sare. Mnajua upepo wetu wa kiangazi. Agosti na Septemba shati jeupe linaondoka asubuhi likiwa jeupe na kurudi rangi ya kichuguu. Kila mtoto ana mashati matatu, na soksi anafua mwenyewe anapooga. Mtoto wa miaka saba anaweza. Zitakuwa hazijatakata sana wiki za mwanzo, vumilia.

Nilichoacha: mapazia mazito. Nimeweka mepesi yanayokauka saa mbili juani.

ZamuYaUsiku
Mimi ni muuguzi, mume wangu mwalimu wa sekondari, watoto watatu. Zamu zangu zinabadilika, kwa hiyo ratiba ya "kila Jumanne fanya hivi" haijawahi kuishi kwetu.

Tunatumia kalenda ya ukutani, ile inayotolewa kanisani yenye vyumba vikubwa. Kalamu nyekundu ni zamu zangu, bluu ni mambo ya shule, kijani ni pesa: ada, luku, gesi, michango. Jumapili baada ya ibada, wali ukiwa umepaliwa, tunakaa kama dakika ishirini na watoto wakiwepo. Swali ni moja: wiki hii nani hatakuwepo, na siku gani? Tukishajua pengo liko wapi, kazi zinapata wenyewe. Kama Jumatano niko usiku na baba ana kikao cha wazazi shuleni kwake, basi Jumatano chakula kinapikwa mchana na shangazi yao wa Area C anaombwa mapema. Kumpigia mtu Jumatano saa kumi na moja jioni ni kumtafutia sababu ya kukukwepa.

Jambo jingine ni usingizi. Nikitoka zamu ya usiku natundika kanga nyekundu kwenye kitasa cha chumba. Kanga ikiwepo hakuna kugonga, hata mgeni akija. Mama yangu mzazi alipotutembelea alidhani nimenuniana na mume.

Nimeacha kupiga pasi kila siku. Sare tu, Jumapili jioni, zote kwa mkupuo. Mashuka yanakunjwa yalivyo.

Kapera_UDOM
Mimi niko peke yangu chumba kimoja na vyombo bado vinanishinda. Nafuatilia kimyakimya.

Fundi_Nkuhungu
Kaka Kapera, osha vyombo kabla chakula hakijashuka tumboni, ukikaa tu umekwisha.

Sasa kwa Mama Pacha. Mimi ni fundi aluminiamu, watoto watatu niko nao mwenyewe kwa sasa, mama yao yuko masomoni mkoa mwingine. Mwanzoni watu walikuwa wananihurumia hadi wananiletea ugali uliofunikwa. Nilishukuru, lakini huwezi kulisha familia kwa huruma ya majirani.

Kilichoniokoa ni jiko la Jumapili. Jumamosi usiku naloweka kilo mbili za maharage. Jumapili asubuhi namwaga yale maji, nabandika kwenye mkaa, naenda zangu kwenye kazi nyingine za uani. Kilo moja kavu ikiiva inakaribia kilo mbili na nusu, kwa hiyo hapo nina sufuria ya kutosha. Nagawa kwenye makopo yenye vifuniko: ya siku tatu za mwanzo yanakaa friji, yaliyobaki yanaganda. Sitii nyanya wala nazi siku hiyo. Yanakaa makavu, halafu kila jioni yanaungwa kivyake. Leo nazi, kesho karanga, keshokutwa yamepondwapondwa na kitunguu kwa chapati. Mtoto haoni kwamba ni yaleyale.

Nyama naifuata mnada wa Msalato siku ya Jumamosi kama kazi imelala vizuri. Naikatakata siku hiyohiyo, mafungu ya mlo mmoja mmoja. Ukigandisha bonge zima, Jumanne saa moja jioni unapigana nalo kwa shoka.

Katikati ya wiki ni mlenda na dagaa, mapishi ya dakika ishirini. Binti wa darasa la sita anasonga ugali, kaka yake mdogo anaosha vyombo, wiki inayofuata wanabadilishana. Kijana kusonga ugali, majirani walisema sana. Wamezoea.

MamaLishe_Majengo
Nawasoma hapa nacheka. Kalenda, kalamu tatu, friji. Nyie mna mshahara unaojua tarehe. Mimi nina banda la chakula karibu na soko la Majengo, saa kumi usiku nawasha moto, na sijui leo nitauza sahani ngapi.

Ninachokipanga mimi ni manunuzi, na naangalia majira ya mji. Bunge la bajeti likikaa, Aprili hadi Juni, Dodoma inajaa. Nyumba za wageni zimejaa, madereva wa wakubwa wanakula kwangu, napika hadi sufuria ya akiba. Pesa ya miezi hiyo ndiyo inanunua gunia la mahindi, mitungi miwili ya gesi, sare na madaftari ya mwaka unaofuata. Julai wakiondoka mimi nimeshaweka. Mwenzangu wa banda la pili alikuwa ananunua unga kilo mbilimbili mwaka mzima, ukipiga hesabu analipa gunia na nusu.

Watoto wakitoka shule wanakuja bandani. Kazi ya shule inafanyikia meza ya pembeni kabla wateja wa jioni hawajafika. Tukirudi nyumbani ni kuoga na kulala, hakuna kupika tena, tunabeba kilichobaki. Kuna waliosema nawalisha wanangu makombo. Ni chakula kilekile wanachokilipia madereva wa waheshimiwa, sasa kombo liko wapi?

Kifungua_Mimba
Niseme upande mwingine kidogo. Mimi ni binti mkubwa wa nyumba ya watoto saba, tumekulia Mpwapwa. Ratiba ya mama yangu ilikuwa mimi. Maji, mdogo mgongoni, kuni, vyombo, na daftari nalifungua saa nne usiku. Mama hakuwa mbaya, naye alikuwa amechoka. Lakini mnapogawa kazi, andikeni saa za kila mtoto, halafu mjumlishe. Nyumba nyingi msichana atatoka na saa tatu na kaka yake nusu saa ya kulisha kuku. Kwa Fundi nimefurahi.

Baba_Kisasa
Mama Pacha umesema una dada wa kazi. Sasa tatizo ni nini? Mwandikie kazi zake kuanzia alfajiri hadi usiku, simamia. Sisi kwetu hakuna kelele.

MamaPacha_Ilazo
Kaka, naye anahitaji kulala. Huyo ni binti wa watu.

Mwanasheria_Miyuji
Kaka wa Kisasa, hapo umeniita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumwacha nje mfanyakazi wa nyumbani. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. "Alfajiri hadi usiku" jumlisha uone unafika wapi kabla ya Alhamisi.

Nyumbani kwangu dada anapumzika kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumapili jioni. Anakwenda kwa dada yake Chang'ombe, au analala tu. Tulipoanza, Jumapili yetu ilikuwa vurugu. Sasa ndiyo siku ninayopika na watoto, na ndiyo siku nilipogundua nyumba ina vyombo vingi kuliko watu. Nusu nimevifungia juu ya kabati. Mtu ana kikombe chake na sahani yake, akitumia anaosha. Na amini usiamini, dada huyu yuko na sisi mwaka wa tano. Majirani wanabadilisha kila baada ya msimu.

Baba_Kisasa
Mh. Nimesikia.

Bibi_Mvumi
Mbukwenyi wajukuu zangu. Mjukuu wangu ananiandikia haya, mimi nasema.

Nyie mnapanga wiki, sisi tulipanga mwaka. Mvua hapa ni moja, Desemba mpaka Aprili, na ikinyesha huna wiki, una shamba. Uwele na mtama havisubiri kikao. Kwa hiyo mboga ya siku za jembe ilitafutwa kabla. Mlenda ukiwa mwingi tunachuma, tunauanika kivulini, tunautwanga, unakaa kwenye kibuyu. Majani ya kunde hivyohivyo. Karanga zinakaangwa na kusagwa. Ukirudi shamba jua limezama, unachemsha maji, unatia mlenda mkavu na karanga, ugali unawiva na mboga imewiva. Hapo friji ilikuwa wapi?

Huyo mama mwenye pacha, mama mkwe wake anafanya nini humo ndani? Muulize. Mzee ukimkalisha tu kwenye kochi unamzeesha.

Wa_Wikiendi
Shikamoo bibi.

Mimi mume yuko Dar, mimi na watoto tuko Iyumbu. Tangu treni ya SGR ianze kufika huku mwaka 2024 anakuja karibu kila wiki, zamani kwa basi ilikuwa mara moja kwa mwezi na anafika amechakaa. Ilinibidi nipange upya. Ijumaa usiku na Jumamosi sipangi kitu chochote cha nyumba, shughuli zote zinaisha Alhamisi. Mambo ya kuamua kwa pamoja nayaandika kwenye daftari kadiri yanavyojitokeza, tunayamaliza Jumapili asubuhi kabla hajarudi stesheni. La sivyo wikiendi nzima ni kikao cha bajeti.

MamaPacha_Ilazo
Nimerudi kuwapa mrejesho. Jumapili iliyopita tulikaa kama alivyosema ZamuYaUsiku, mume akiwa kwenye simu kutoka Singida. Bibi wa Mvumi, ujumbe wako umefika: nilimuuliza mama mkwe. Akanijibu, "Nilidhani hamtaki niguse vitu vyenu." Kumbe miezi yote hiyo! Sasa yeye ndiye mwenye kalenda. Anajua tarehe ya kliniki, anajua luku imebaki uniti ngapi, na pacha wanamsomea hadithi zao za shule wakati mimi napika. Kiswahili chao kimenyooka.

Kijana wa kidato cha pili tulimjumlishia saa zake. Nusu saa, kama ilivyotabiriwa, na hata kuku hatuna. Amepewa soksi, viatu na mabegi ya wadogo zake kila usiku kabla ya kulala. Dada anaanza kupumzika Jumapili hii.

Nilichoacha: jumuiya tunakwenda kwa zamu, mmoja anawakilisha. Na sherehe za kazini nachangia, siendi zote.

Bado niko na swali kwa Fundi. Nimechemsha maharage nikayagandisha, yakitoka kwenye friza yanapasukapasuka na kuwa uji. Nakosea wapi? Na umeme ukikatika unafanyaje?

Fundi_Nkuhungu
Unayaivisha mno. Ya kugandisha yatoe yakiwa yamelainika lakini bado yanashika umbo, yatamalizikia wakati wa kuunga. Yagandishe pamoja na supu yake, yasibaki makavu kwenye kopo. Yaache yapoe kwanza, lakini usiyaache mezani kutwa na joto letu hili, yatachacha. Kopo la kesho lihamishe kutoka friza kwenda friji usiku, lisiyeyukie jikoni.

Umeme ukikatika usifungue friza hovyo. Ikiwa imejaa na mlango umefungwa inahimili siku nzima na zaidi. Mimi nafasi iliyobaki najaza chupa za maji, zikiganda zinasaidia kushika baridi. Maharage yakishayeyuka na kupata joto usiyarudishe. Yaunge yote jioni hiyo, muite jirani.

Kapera_UDOM
Jirani yupo.