Naombeni ushauri, mtoto wa miaka 4 kufanyiwa upasuaji wa makengeza
Habari zenu wapendwa, mwanangu ana miaka 4, jicho la kushoto linakimbilia puani hasa akichoka au akiangalia kitu cha karibu, tumemvalisha miwani na kumziba lile zima ili hili dhaifu lifanye kazi, kuona anaona vizuri zaidi sasa ila jicho bado halijanyooka. Daktari kasema apasuliwe, kanielewesha hawafungui jicho lenyewe, kila jicho lina misuli 6 ya kulizungusha, wanalegeza ule unaovuta sana au wanakaza uliolegea, basi. Ila kwa mtoto lazima nusu kaputi na hiyo ndo inanitia hofu jamani.

Juzi nimemkuta mbele ya kioo kaziba jicho na kiganja, ananiuliza mama hili mbona linaenda huku, nikakosa jibu.

Mliopitia hili na watoto wenu, wekundu ulikaa muda gani? Akiamka analia sana? Na kuna aliyerudia mara ya pili, maana nimeambiwa inatokea? Nikubali sasa hivi au nisubiri akue kidogo, naogopa kuchelewa pia.